Itifaki Imezingatiwa, Wageni Je?

Nimepotea kidogo, majukumu. Leo nimerudi na jambo linalonikereketa rohoni, na nitalisema lote hata kama rafiki zangu wa kazi ya kuandaa shughuli za makampuni watanuna. Wanune tu. Ila nitaanza na mimi mwenyewe, asije mtu akasema namnyooshea mwenzangu kidole huku changu nimekificha mfukoni.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye chumba cha habari, mhariri wangu alinitupia kadi ya mwaliko. Kampuni moja kubwa (siitaji) ilikuwa inazindua huduma mpya kwa mawakala wake wa kutuma na kupokea pesa. Ukumbi ni wa hoteli ya kifahari hapa Dar. Kadi ina maandishi ya dhahabu: wageni wote wawe wameketi ifikapo saa 3:00 asubuhi.

Kwa mtu wa Mbagala, kuketi mjini saa 3:00 asubuhi maana yake ni kuamka saa 10 alfajiri na kupigana na daladala. Nilifika saa 3 kasoro dakika 10. Nikadhani nimewahi. Kumbe ukumbi umeshajaa mawakala, kama 200 hivi. Akina mama wa vibanda vya Tandika, vijana wa meza na miavuli wa Manzese, mzee mmoja kavaa kanzu na koti kama anakwenda kuposa. Wote hao walikuwa wamefunga biashara zao siku ile. Hilo wakati ule sikulifikiria kabisa. Mimi nilikuwa natafuta soketi ya kuchajia simu.

Saa 3:00 ikapita. Saa 4:00 ikapita. Nyimbo zile zile nne zinarudiwa. Nje mlangoni kikundi cha ngoma kimepangwa juani kusubiri msafara. Gari likikata kona, ngoma zinalipuka, kumbe ni gari lililoleta keki. Gari jingine, ngoma tena, kumbe mteja wa hoteli kaja na masanduku yake, akabaki ameduwaa. Saa 5:30 mgeni rasmi akaingia. Si yule aliyeandikwa kwenye kadi. Ni mwakilishi wake.

Basi shughuli ikaanza. Msemaji wa kwanza akatuambia itifaki imezingatiwa, halafu akaanza kuitaja yote, mmoja baada ya mwingine. Wa pili naye hivyo hivyo. Walisimama wasemaji 6. Mwakilishi wa mgeni rasmi alitusomea hotuba ya mwenzake, ikiwemo ile sentensi kwamba amefurahi sana kuwa pamoja nasi asubuhi hii. Nikatazama saa. Ilikuwa saa 6:40 mchana.

Sasa sikilizeni hapa. Kwenye ratiba kulikuwa na kipengele kimeandikwa "Maelezo ya huduma na maswali, dakika 45". Maelezo yakapewa dakika 10. Maswali yakapewa sifuri. MC akashika kipaza sauti, akatabasamu, akasema kwa sababu ya ufinyu wa muda wenye maswali watayauliza wakati wa chakula.

Jirani yangu wa kiti cha nyuma alikuwa mama mmoja wa makamo. Alikuwa na kikaratasi alichokichana kwenye daftari, amekikunja mara nne. Alishanyoosha mkono mara tatu. MC aliposema vile, akanigeukia akanionyesha. Swali lenyewe lilikuwa moja tu: kwenye huduma hii mpya, mteja akikosea namba na pesa ikaenda kwa mtu mwingine, hasara anabeba nani, wakala au kampuni?

Wasomaji wangu, katika maneno yote yaliyosemwa ukumbini siku ile, hilo ndilo lililokuwa la maana kuliko yote. Na halikusemwa. Ilipigwa picha ya pamoja, ikakatwa keki, meza kuu wakaenda kula chumba cha peke yao. Ule "wakati wa chakula" wa kuuliza maswali, waliopaswa kujibu hawakuwepo.

Mlangoni dada wa mahusiano akatugawia waandishi bahasha za kaki. Eti nauli. Ndani mlikuwa na shilingi 30,000. Nikapokea. Nikarudi ofisini nikaandika habari, na kwenye kichwa cha habari nikaweka lile neno letu la siku zote: uzinduzi WAFANA.

Miezi ikapita. Siku moja niko Tandika sokoni, nasikia naitwa. Ni yule mama, kwenye kibanda chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Si wewe yule mwandishi wa siku ile?"

"Ni mimi mama."

"Lile swali langu, uliliandika?"

Nilikosa la kusema. Akanihadithia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mteja alikosea namba, shilingi 180,000 zikaenda kusikojulikana, mteja akamng'ang'ania yeye. Hakujua utaratibu. Hakujua ampigie nani. Watu wakajaa kibandani. Akalipa kutoka kwenye mtaji wake ili yaishe. "Ningepewa dakika moja tu siku ile," akasema, "ningejua pa kuanzia." Halafu akaendelea kuhudumia wateja.

Dakika moja. Shughuli ya saa nne na ushee, mapambo ya mamilioni, na mtu aliyeitwa rasmi, kwa kadi ya dhahabu, alikuwa anahitaji dakika moja.

Sasa twende kwenye hoja.

Nasema hivi: shughuli nyingi za makampuni na taasisi hapa kwetu zinaandaliwa kwa ajili ya meza kuu. Watu wengine wote ukumbini ni mapambo. Tumepangwa pale kama maua, ili picha ya mkubwa isitoke na viti vitupu nyuma yake. Mnabisha? Chukueni ratiba yoyote mliyobaki nayo kwenye pochi. Muda ukipungua, kinachokatwa ni nini? Hotuba ya mgeni rasmi? Thubutu. Kinachokatwa ni maswali, majadiliano, maonyesho ya huduma yenyewe. Yaani kinachokatwa kila mara ni kile kilichowaleta watu.

Hebu tupige hesabu ya darasa la nne. Watu 200 wamesubiri saa mbili na nusu. Hizo ni saa 500 za watu. Siku ya kazi ina saa 8, kwa hiyo ni zaidi ya siku 62 za kazi za mtu mmoja. Ukitoa wikiendi ni karibu miezi mitatu. Mhasibu wa kampuni ile akikuta mtu kaiba mshahara wa miezi mitatu ataita polisi. Lakini ukiiba muda wa mawakala 200 ukaugawa vipande vipande, hakuna mwizi. Kuna "changamoto ndogo ya ratiba".

Waswahili wa pwani husema shughuli ni watu. Na wanajua wanachosema. Nenda kwenye maulidi au harusi uswahilini, kwa watu wasio na mshauri wa masoko wala bango la wadhamini. Kuna kamati, kuna daftari la michango, kuna shangazi anayejua sinia ngapi zinatosha watu wangapi. Na kuna kitu kimoja kinachoendesha mambo yote: aibu. Mgeni akiondoka na njaa, mwenye shughuli hatatoka nje wiki nzima. Mtaa utamsema. Aibu ya mwenye shughuli iko kwa mgeni wa mwisho kabisa, yule aliyekaa kwenye jamvi karibu na mlango.

Kwenye shughuli za makampuni aibu imehamishwa. Iko kwa mgeni rasmi peke yake. Maji yake yasipokuwa baridi kuna mtu anafukuzwa kazi. Lakini watu 150 wakirudi makwao bila kuelewa walichoitiwa, hakuna anayekosa usingizi. Tuna methali inayosema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji anapona vizuri kabisa, anapata na picha. Mgeni ndiye anayerudi nyumbani na kichwa kinamgonga.

Nina kaka yangu mmoja anafanya kazi hizi za kuandaa shughuli. Nilipomwambia haya alicheka sana, kisha akaacha kucheka.

"Sikiliza dogo," akaniambia. "Mteja hanilipi ili watu waelewe. Ananilipa ili bosi wake afurahi. Bosi wake anafurahi akijiona kwenye gazeti. Na nyie kwenye gazeti hammuweki mpaka awe amekaa na waziri. Sasa nani anaharibu shughuli, mimi au wewe?"

Nilinyamaza. Kwa sababu ana haki nusu, na ile nusu yake ni kubwa. Sisi waandishi ndio tuliowafundisha. Kampuni ikialika mtaalamu mwenye jambo la kusema, tunatuma mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Ikialika mkubwa asiye na jambo, tunatuma kamera mbili. Kisha tunapokea bahasha, jambo ambalo maadili ya kazi yetu yanakataza wazi, na tunaandika "wafana" hata pale umeme ulipokatika katikati na jenereta likagoma. Kama sisi hatujawahi kuandika kwamba shughuli fulani ilikuwa hovyo, aibu itatoka wapi? Ndiyo maana nimesema naanza na mimi.

Lakini ile nusu nyingine naikataa. Eti haiwezekani kufanya tofauti kwa sababu wateja hawataki. Inawezekana, na imewezekana hapa hapa nchini. Nitawapa mfano wa hoteli ambayo kila Mtanzania anayefuatilia siasa analijua jina lake: Ngurdoto, kule Arusha.

Wengi mnaikumbuka Ngurdoto kwa ile semina elekezi ya viongozi ya mwaka 2006, iliyolifanya neno "elekezi" liwe utani wa mitaani. Sasa mwaka mmoja baadaye, Juni 2007, hoteli hiyo hiyo ilipokea mkutano wa TED, ule walioupa jina la TEDGlobal, wakiizungumzia Afrika. TED wana utaratibu mmoja wa ajabu kwetu: msemaji hapewi zaidi ya dakika 18. Awe profesa, awe tajiri, awe mwanamuziki anayejulikana dunia nzima. George Ayittey, mchumi wa Ghana, alisimama pale akagawanya Waafrika kati ya kizazi cha duma na kizazi cha viboko, akamaliza akaketi, na mpaka leo watu wanaujadili ule mfano. Kuna hotuba ngapi za saa nzima mlizozisikia mwezi uliopita mnazozikumbuka?

Lakini si Ayittey ninayemtaka hapa. Namtaka kijana William Kamkwamba wa Malawi. Alikuwa na miaka 19. Aliacha shule kwa kukosa ada baada ya njaa iliyoikumba Malawi mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaingia maktaba, akasoma vitabu vya sayansi, akajenga kinu cha upepo cha kufua umeme kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu. Gazeti moja la Blantyre, Daily Times, likaandika habari zake Novemba 2006. Habari ikazunguka kwenye blogu. Emeka Okafor, aliyekuwa anaandaa programu ya mkutano ule wa Arusha, akaisoma na kumtafuta kijana huyo mpaka akampata.

Hebu oneni. Mwandaaji wa shughuli kubwa ya kimataifa anatumia muda wake kumtafuta mtoto wa mkulima, badala ya kutafuta waziri wa kukata utepe. Wakampandisha jukwaani. Kijana ana woga, Kiingereza chake hakijanyooka. Mwenye TED, Chris Anderson, hakumwachia asome karatasi, alikaa akamuuliza maswali mafupi ili asimulie. Dakika chache tu. Ukumbini walikuwemo watu waliojitolea kumsaidia arudi shule. Akasoma, akafika mpaka chuo cha Dartmouth kule Marekani na kuhitimu mwaka 2014. Kitabu cha maisha yake kikatoka 2009, filamu ikatoka 2019.

Sisemi TED ni msahafu. Ni mkutano wa wenye nafasi, kiingilio chake mama wa Tandika hakiwezi. Ninachosema ni kimoja: hoteli ni ile ile, viti ni vile vile, milima ya nje ni ile ile. Tofauti ilikuwa swali lililoulizwa miezi mingi kabla ya siku yenyewe: nani ana jambo la kusema, na nani anahitaji kulisikia? Wengine wanaanza kwa kuuliza nani tumkalishe wapi.

Najua kuna watakaosema dawa ni kuzifuta shughuli zote. Mnakumbuka mwaka 2015, Rais Magufuli alipoingia Ikulu. Fedha zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge akaagiza sehemu kubwa ikanunue vitanda vya Muhimbili, na sherehe za Uhuru za Desemba 9 zikageuzwa kuwa siku ya usafi. Watu wengi tulishangilia, na kwenye vitanda nashangilia hata leo. Lakini baada ya hapo likajengeka wazo kwamba kila mkusanyiko ni anasa. Hapo sikubali. Wale mawakala 200 walihitaji kukutana na kampuni yao uso kwa uso. Lile swali la kikaratasi lisingejibiwa na tangazo la redio wala ujumbe wa simu. Kukutana kulikuwa sahihi. Kilichoharibika ni kwamba waliitwa na hawakukutanishwa.

Sasa, nisije nikaonekana hodari wa kulaumu tu. Nimeshahudhuria shughuli nyingi kuliko umri wangu unavyoruhusu, na chache zilizokuwa nzuri zilifanana. Haya ndiyo niliyoyaona, wenye kampuni mnaweza kuyachukua bure, bila kuniletea bahasha.

Kwanza, kabla ya kuita wapambaji, andikeni sentensi moja: mtu wa kiti cha nyuma ataondoka hapa akijua nini, au akiweza kufanya nini, ambacho jana hakuweza? Mkishindwa kuiandika, msifanye shughuli. Tumeni barua.

Pili, ratiba ipangwe kuanzia kwenye hiyo sentensi kurudi nyuma. Maswali yakae katikati au mwanzoni, yasiachwe mwishoni yakafie pale kama mbuzi wa machinjio. Na awepo mtu mmoja, mwenye cheo, ambaye kazi yake siku hiyo ni kulinda muda wa maswali hata mbele ya mkubwa. MC hawezi. MC ni mgeni kama sisi, kalipwa.

Tatu, anzeni saa mliyoandika. Ndiyo, hata kama mgeni rasmi yuko Ubungo kwenye foleni. Mkimwambia mapema kwamba saa 3:00 huduma itaanza kuelezwa na saa 4:00 ndiyo zamu yake ya dakika 5, atakuja saa 4:00 na kila mtu atabaki na heshima yake. Mnachokiita ukorofi wa wakubwa mara nyingi ni woga wa wadogo. Nimewahi kumsikia mkubwa mmoja akilalamika kwamba hakuna aliyemwambia watu walikuwa wanasubiri tangu asubuhi.

Nne, na hili naomba mlisome mara mbili: milango. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el-Fitr, watoto karibu 20 walikufa Tabora kwenye disko lililojaa kupita kiasi. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kwenye mkusanyiko wa ibada uwanjani. Mtasema hizo hazikuwa shughuli za makampuni. Ni kweli. Lakini mlango hauulizi nani mdhamini. Ni mara ngapi mmeona bango kubwa la wadhamini limesimamishwa mbele ya mlango wa dharura kwa sababu ndipo linapopendeza kwenye picha? Mimi nimeona, na nimeona mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli ili wasioalikwa wasiingie. Mwandaaji asiyejua ukumbi wake una milango mingapi inayofunguka, na unabeba watu wangapi, huyo hajaandaa shughuli. Ameandaa mapambo.

Tano, walipeni watu. Mama wa chakula, vijana wa mahema, kile kikundi cha ngoma kilichokaa juani. Kampuni inayotangaza mapato makubwa jukwaani huku ikimzungusha mpishi miezi mitatu kwa ankara yake, inafanya karamu kwa mkopo wa maskini.

Sita, shughuli haiishi magari yakiondoka. Maswali yote, yaliyoulizwa na yaliyobaki kwenye vikaratasi, yakusanywe pale mlangoni, na yajibiwe kwa kila aliyeitwa ndani ya siku 30. Wekeni boksi tu. Boksi la mbao, la bei ya kawaida, kando ya ile meza mnayogawia bahasha.

Sasa neno kwa wenzangu. Wengi mnaosoma hapa mko kwenye idara za masoko, mahusiano, miradi. Mnalalamika kama mimi, mnanitumia vichekesho vya itifaki kwenye simu. Lakini nyie ndio mnaoandika hizo ratiba. Ni vidole vyenu vilivyoandika "saa 3:00" mkijua ni saa 5:30. Bosi wenu ana makosa yake, ila hakuna bosi aliyewahi kuniambia kwamba aliletewa ratiba ya haki akaichana. Wengi hawajawahi kuletewa.

Na mimi? Bahasha niliacha kuzipokea baada ya siku ile ya Tandika. Sidai sifa. Kuna wenzangu wanalipwa kwa habari moja moja, pesa isiyotosha hata nauli ya kweli, na siwezi kuwahubiria nikiwa na mshahara. Hilo wenye vyombo vya habari wajibu wao. Lakini neno "wafana" nimelifuta kwenye kalamu yangu. Nikienda kwenye shughuli naandika watu waliitwa saa ngapi, ikaanza saa ngapi, na mtu wa kiti cha nyuma aliuliza nini na akajibiwa nini. Mhariri hunikatia mara mbili kati ya tatu. Ile ya tatu inatoka.

Wiki hii imekuja kadi nyingine mezani kwangu. Dhahabu tena. Wageni wawe wameketi saa 3:00 asubuhi. Chini kuna namba ya simu ya kuthibitisha mahudhurio, nikapiga. Akapokea dada mwenye sauti nzuri.

"Nathibitisha nitakuja," nikamwambia. "Samahani dada, kipindi cha maswali ni saa ngapi?"

Kimya kidogo. Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Maswali ya nini, kaka?"

Nitakwenda. Nitakaa nyuma.